UKIFIKA KITALE, ULALE MTAA GANI?

Aljari kabla ddari. Jirani kabla ya nyumba. Maneno haya tulifundishwa chuoni tungali wadogo, tumeketi mkekani na bakora i juu yetu, na sidhani pana mtoto wa pwani aliyepitia chuo asiyeyajua, hata kama Kiarabu chake chote kingine kimemtoka. Lakini kuyajua maneno ni jambo moja na kuyafuata ni jambo jingine. Mimi nimekaa nayo zaidi ya miaka arubaini, na mwezi wa Agosti 2024 nikayasahau kwa usiku mmoja tu. Usiku huo nusura umkoseshe mpwa wangu mke.

Habari yenyewe ni hii. Mpwa wangu, kijana wa Mombasa aliyepelekwa na kazi huko bara ya magharibi, alipendana na binti wa Kibukusu, Mwislamu, mtoto wa watu. Baba wa binti ana duka dogo mjini Kitale na nyumba katika mtaa wa Bondeni, ila asili yao ni Bungoma. Basi ikatubidi watu wanne tutoke pwani kwenda kuposa. Na mimi, kwa sababu ya mvi zangu, na kwa sababu watu hudhani kila mtunga mashairi ana ulimi wa kuposea, nikafanywa msemaji.

Tukapanga kila kitu: mkaja, kilemba, halua, kahawa, hata maneno ya kufungulia. Jambo moja tu hatukulipanga, nalo ni mahali pa kulala. Hilo tulimwachia kijana mmoja katika wenzetu, hodari wa simu, akatutafutia hoteli kwa kutazama picha.

MLIMANI NA BONDENI

Ndugu msomaji, huenda wewe hujafika Kitale, basi nikueleze kidogo. Mji uko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Upande wa machweo umeinuka Mlima Elgon, ambao kilele chake kirefu, kilichoko upande wa Uganda, kina mita 4,321. Upande wa macheo iko milima ya Cherangani. Katikati ni mashamba. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, na kampuni ya mbegu ambayo magunia yake yanajulikana na kila mkulima, Kenya Seed, ilianzia Kitale mwaka wa 1956.

Mji huu walioupanga ni walowezi wa Kizungu, ambao wengi wao waligawiwa ardhi hizo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Reli ya tawi iliufikia mwaka wa 1926. Na kama ilivyo miji mingi ya bara iliyojengwa zama za mkoloni, majina ya mitaa yenyewe yanakwambia nani alikusudiwa kukaa wapi. Ukisikia Milimani, jua hapo palikuwa pa mabwana: nyumba zina nafasi, miti ina kivuli, na maji machafu huteremka kwenda kwa wengine. Ukisikia Bondeni au Majengo, jua hapo palikuwa pa watumishi, mafundi, wachuuzi, askari waliostaafu, na kwa kawaida ndipo palipo na Waislamu. Kwani watu wetu waliingia bara kwa miguu, na misafara na majeshi, wakawekwa pembeni mwa kila boma la serikali. Toka Nairobi hadi Kisumu utawakuta Waswahili, Wanubi ambao ni wajukuu wa askari wa Kisudani, Wasomali, na wenyeji waliosilimu, wote katika mtaa mmoja, wakisema Kiswahili kisichohitaji mkalimani.

Kitale pana Milimani, pana Bondeni, pana Tuwani, Matisi, Mitume, na Kipsongo walikokimbilia Waturkana wengi waliofukuzwa na ukame na wizi wa mifugo. Na pana mtaa mmoja ambao jina lake lilinifanya nicheke peke yangu ndani ya matatu: Shimo la Tewa. Sisi watu wa Mombasa tukisikia Shimo la Tewa twaikumbuka jela na twaikumbuka skuli, huko Mtwapa, penye maji ya chumvi. Lakini tewa gani huyo aliyepanda mita 1,900 akachimba shimo Kitale? Kweli majina nayo husafiri, wala hayaulizi njia.

USIKU WA KWANZA

Hoteli yetu ilikuwa upande wa Milimani, na jina lake nalistahi. Nisidhulumu: kitanda kilikuwa safi, blanketi mbili nzito, maji ya moto yakitoka ukutani. Kwa mtu wa pwani maji ya moto huko si anasa. Usiku Kitale baridi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mwezi wa Agosti mvua haijakwisha. Anayetawadha kwa maji ya mferejini alfajiri huko, huyo ana imani kuliko mimi.

Tulifika magharibi. Tukasema: tumechoka, tumechafuka, si adabu kubisha hodi kwa wakwe katika hali hii. Tulale, kesho tuoge, tuvae kanzu zetu, tuende kama watu. Nasi tulidhani kwa hilo tumewastahi.

Chini ya chumba changu palikuwa na baa. Muziki ulipigwa hadi saa nane za usiku, na mlevi mmoja akagonga mlango wangu mara mbili akimwita mtu aitwaye Wafula. Wala msikiti haukuwa karibu. Alfajiri nikaamka kwa saa ya Mombasa, nikasahau kwamba jua la Kitale huchelewa. Mombasa na Kitale zimepishana karibu digrii tano za longitudo, na kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo kwa wastani huko macheo na machweo huja nyuma ya yetu kwa dakika kama 19. Anayefunga Ramadhani huko akafuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa, funga yake imekwenda.

Nikaketi gizani nikingoja wakati uingie, kisha nikatafuta kibla. Hapa pia mazoea yaliniponza. Mombasa na Makka zimekaa takriban katika mstari mmoja, na ndiyo maana sisi huelekea kaskazini sawasawa bila ya kufikiri. Kitale iko magharibi zaidi, hivyo kibla chake ni kaskazini iliyopinda kidogo mashariki, kiasi cha nyuzi 12 au 13. Lakini kwanza ujue kaskazini ni wapi! Chumbani hapakuwa na alama, nje palikuwa na mawingu, hakuna nyota hata moja. Nikaona kivuli cha mlima dirishani, nikajisemea, mlima uko kaskazini. Nikasali. Nilipokuwa katika uradi, jua likanichomozea mgongoni.

Nikakaa pale mkekani nimeduwaa. Mwanachuoni mzima, nimefika mji wa watu, nimeusalia mlima! Nikainuka, nikageuka, nikaisali upya. Na moyoni nikahisi kwamba siku ile haitakuwa nyepesi.

"MMELALA WAPI?"

Saa tatu asubuhi tukafika Bondeni, kanzu zimenyoka, halua mkononi. Baba wa binti alitupokea vizuri, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha. Tukaingizwa barazani. Nikaona magodoro manne yameegemezwa ukutani, mashuka yake yamekunjwa, hayakulaliwa. Juu ya meza palikuwa na sinia limefunikwa kawa. Sikuhitaji kuambiwa. Watu wale walitutandikia, wakatupikia, wakatungoja hadi usiku mkubwa.

Nilianza hotuba yangu niliyoitayarisha njia nzima. Sikufika mbali. Mlangoni pa chumba cha ndani aliketi nyanya wa binti, ajuza aliyepindukia miaka themanini, kajifunika leso mbili kwa baridi. Akauliza kwa sauti ya upole, kwa Kiswahili kizuri:

"Mwanangu, mlifika lini?"

"Jana magharibi, nyanya."

"Na mmelala wapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema maneno ambayo nitajaribu kuyaandika kama alivyoyatamka, kwa sababu tangu siku ile hayajanitoka.

"Nyanya yangu mimi aliwaona watu wa pwani wa kwanza. Walikuja na vitambaa na shanga, wakitafuta pembe. Walikuwa na adabu, walisalimia watu vizuri. Lakini usiku ulipoingia, hawakulala kwetu. Walijenga boma lao la miiba huko nje, wakawasha moto wao, wakala chakula chao. Na asubuhi nyingine watu walipoamka, walihesabu watoto. Kwa hiyo nyanya yangu alitufundisha: mgeni anayelala ndani ana shida, msaidie, mgeni anayelala nje ana shauri, mche."

Hapana aliyesema neno. Baba wa binti alitazama chini kwa haya, maana ajuza alikuwa amesema ambalo yeye, kwa uungwana wake, asingelisema. Kisha akatuambia kwamba wanaukoo watazungumza, na jibu tutalipata baadaye. Sisi wazoefu wa mambo haya twajua maana ya "baadaye."

MAWE YA KLABU

Alivyosema ajuza si hadithi za kutishia watoto. Misafara ya pwani ilikwisha fika nchi ile kabla ya Mzungu. Mumias, kwa Wawanga, palikuwa kituo kikubwa cha Waswahili, na Joseph Thomson alipopita mwaka wa 1883 aliwakuta watu wetu wanazijua njia zake. Ndiko Uislamu wa magharibi ya Kenya ulikoanzia, na hiyo ni fahari. Lakini njia iliyopitisha msahafu ndiyo hiyo hiyo iliyopitisha pembe na minyororo, na hiyo si fahari. Mjini Kitale, katika uwanja wa klabu iliyokuwa ya walowezi, barabara ya Eldoret, panasimuliwa hadi leo kuwa palikuwa kituo cha misafara ya watumwa, na duara la mawe ndilo wanaloonyeshwa wageni. Mlowezi akaja naye akajenga klabu yake papo hapo, na Mwafrika akaingia kwa mlango wa jikoni tu.

Wale Wabukusu walikuwa na sababu ya kuishi ndani ya ngome za udongo zenye mlango mmoja. Mwaka wa 1895 Waingereza, chini ya utawala wa C. W. Hobley, pamoja na askari wa Kisudani na wasaidizi wengi wa Kiafrika, walizivunja ngome za Lumboka na Chetambe, watu wengi wakafa na ng'ombe wakachukuliwa. Kilima cha Chetambe kipo, juu ya mji wa Webuye, na kila aendaye Bungoma kutoka Kitale hukiona. Basi katika nchi ya watu waliopitia hayo, swali la "umelala wapi" si swali la kitanda. Ni sawa na kuuliza: wewe u pamoja nasi, au u nje ya ukuta?

NILIVYOHAMA

Wenzangu walitaka turudi pwani siku ile ile. Nikakataa. Nilirudi hotelini, nikalipa, nikachukua mkoba wangu, nikaenda tena Bondeni, safari hii bila ya kanzu wala halua. Nikabisha hodi, nikamwambia baba wa binti: "Bwana, sikuja kuposa. Nimekuja kuomba pa kulala."

Akanitazama, kisha akacheka. Godoro likashushwa.

Nililala siku tatu katika nyumba ile. Mtume amesema haki ya mgeni ni siku tatu, na wahenga wetu nao walionya juu ya jembe, kwa hiyo nilijua mpaka wangu. Chumba kilikuwa kidogo na bati lilipiga kelele mvua iliponyesha. Maji ya moto yalikuja kwa birika. Lakini alfajiri nilisikia adhana, nikatoka na mwenyeji wangu tukaenda msikitini kwa miguu, mikono kwapani kwa baridi, na katika safu nikasimama kati ya mzee wa Kinubi na kijana wa Kisomali mwenye duka la simu. Hapakuwa na haja ya kuuliza kibla. Asubuhi palikuwa na chai ya maziwa na viazi vitamu, jioni palikuwa na kuku na ugali wa mtama, na jirani mmoja, mama wa asili ya Lamu ambaye mumewe alikuwa karani wa reli, aliniletea mahamri. Mahamri, Kitale! Nilikaribia kulia.

Mchana nilitembea. Nilikwenda Jumba la Makumbusho la Kitale, ambalo lilianza kama mkusanyo wa mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham, mwaka wa 1926. Alipokufa mwaka wa 1966 aliuacha kwa umma, na jengo jipya likafunguliwa mwaka wa 1974. Pana vipepeo wake na wadudu wake waliopangwa kama vito, na nyuma pana mabaki ya msitu ambamo utasikia ndege tu.

WALIOKOSA PA KULALA

Siku ya pili nilipanda matatu hadi Kapenguria, kiasi cha kilomita 40 kaskazini. Huko ndiko Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba, walikoshtakiwa kuanzia mwishoni mwa 1952 na kuhukumiwa tarehe 8 Aprili 1953. Vyumba vya jela walimofungwa sasa ni makumbusho. Serikali ilichagua Kapenguria kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa mbali, nchi iliyofungwa, mahali ambapo hapana mtu angefika kwa urahisi.

Wengi twaijua kesi. Lakini jambo moja halitajwi sana: mawakili walilala wapi? Kapenguria hapakuwa na hoteli. Ilibidi walale Kitale, waende na kurudi kila siku. Na mawakili wale walikuwa ni wa kila rangi: D. N. Pritt Mwingereza, Dudley Thompson wa Jamaica, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na Wahindi wa Kenya kama A. R. Kapila na Jaswant Singh, na Fitz de Souza ambaye asili yake ni Goa. Wote ni watu wa sheria, wamevaa majoho mamoja, wanatetea mtu mmoja. Jua likichwa, walitengana. Hoteli ya Wazungu haikuwakubali wasio Wazungu, wala hapakuwa na mkahawa wa kuwakalisha meza moja na Pritt. Wahindi wa Kitale ndio waliowafungulia milango ya nyumba zao wale ambao hoteli iliwakataa.

Marekani nako hali ilikuwa hiyo. Mtumishi mmoja wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza mwaka wa 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi nyumba gani na hoteli gani katika kila mji zitawapokea bila ya kuwadhalilisha. Kiliendelea kutoka kwa miaka thelathini. Msafiri mweusi aliyekikosa angeweza kulala ndani ya gari, au pabaya zaidi.

Nilisimama mbele ya vile vyumba vya jela nikaona haya. Watu hawa walinyimwa kuchagua mahali pa kulala. Mimi nilikuwa na chaguo, na nyumba iliyokuwa imeshanitandikia, nikaenda kulala juu ya baa.

DESTURI YA KALE

Na si kwamba desturi ya kweli ilikuwa ngeni kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, aliandika kwamba jahazi ikitia nanga, vijana wa mji huiendea kwa mitumbwi, kila mmoja kachukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hashuki ila kwa nyumba ya mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Na mwanachuoni akifika, haachiwi aende popote mpaka aonane kwanza na sultani. Yaani pwani yetu, karibu miaka mia saba iliyopita, tayari ilijua kwamba mgeni hachagui nyumba, huchagua mtu. Mwenye kuivunja desturi hiyo si bara, ni sisi wenyewe, tulipokwenda kwao na maboma ya miiba.

Siku ya tatu, baada ya sala ya isha, nyanya aliniita. Akaniuliza habari za mama wa kijana, kama anasali, kama anagombana na majirani, kama mtoto wao akiwa mgonjwa nani atamshika usiku. Hakuuliza mshahara. Nikamjibu kweli. Mwisho akasema, "Sasa lete hiyo halua yako, nionje kabla meno haya mawili hayajakwisha." Hapo nikajua tumejibiwa.

BUNGOMA, DESEMBA

Ndoa ilifungwa Bungoma mwezi wa Disemba mwaka huo huo, na safari hii tulikuwa watu thelathini. Njia ya kutoka Kitale hupita Kiminini na Webuye, na kila ukiteremka joto huongezeka, kwani Bungoma iko mita 1,400 tu au karibu na hapo. Mtu wa pwani huko hupumua.

Nilikwenda kabla ya wenzangu kwa siku mbili, nikauliza kwanza wakwe: "Mwataka tulale wapi?" Swali hilo moja liliondoa matata yote. Wazee na kina mama wakapewa nyumba za jamaa, karibu na msikiti, katikati ya mji upande wa stesheni ya reli. Kina mama wakawa na jiko moja na wakwe, wakapika pilau pamoja, na kufikia usiku walikuwa wameshafundishana nyimbo. Vijana, ambao hawawezi kulala bila ya kelele, tuliwapeleka Kanduyi, ilipo njia panda ya barabara kuu iendayo Malaba. Huko nyumba za wageni ni nyingi na chakula hakikosekani, ila malori ya Uganda hupita usiku kucha, na mwenye usingizi mwepesi atajuta. Waliotaka utulivu walipelekwa upande wa Musikoma, barabara iendayo Mumias na vilima vya Sang'alo.

Kwa hiyo msomaji wangu, ikiwa una safari ya huko, mimi nakupa niliyoyanunua kwa aibu.

Kwanza, ikiwa unaye mtu mjini, hata kama ni jamaa wa mbali, mwulize yeye kabla hujatazama picha. Akisema nyumba yake ni ndogo, mwambie utalala popote, kisha umwache yeye akutafutie. Usiku wa kwanza ni wake. Usiku wa pili waweza kwenda hotelini na hapana atakayenuna.

Pili, ikiwa huna mtu, tafuta msikiti kwanza, kisha utafute kitanda kinachofikika kwa miguu kutoka hapo. Baada ya sala ya kwanza hutakuwa tena mtu asiyejulikana. Hapo utaulizia nyama iliyochinjwa kihalali, dereva mwaminifu, na mitaa isiyofaa kupita usiku, na utajibiwa kweli, maana anayekujibu atakuona tena kesho.

Tatu, uliza mambo matatu kabla ya kulipa: pana baa chini au jirani? Pana maji ya moto asubuhi, si jioni tu? Na macheo ni upande gani? Ukilijua la mwisho hutausalia mlima kama mimi.

Nne, ukienda Bungoma mwezi wa Agosti wa mwaka usio witiri, kama 2024 ulivyokuwa, jua ni msimu wa tohara ya Kibukusu. Njia hujaa vijana na njuga, nyimbo ni usiku na mchana, na vyumba huwa adimu. Ni jambo la kuonekana, lakini lina wenyewe. Tazama ukiwa na mwenyeji.

Tano, hesabu siku zako. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi, ukinuia kukaa siku nne kamili bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huna tena ruhusa ya kufupisha sala. Hapo umekuwa mkazi. Basi nawe kaa kikazi: jua jina la jirani.

Milimani sikuichukia. Pana hewa nzuri na miti, na mtu anayekwenda kupumzika na aila yake, hana shughuli na mtu, apate huko usingizi mwema na baraka. Kila mtaa una siku yake. Lakini aliyekwenda kuunga udugu asijiweke mahali ambapo ndugu hawamfikii.

Mpwa wangu na mkewe sasa wanakaa Kitale, Bondeni, nyumba ya nne kutoka kwa nyanya. Nilipowaaga mara ya mwisho ajuza alinishika mkono, akaniuliza kwa kicheko: "Ukija tena, utalala wapi?" Nikamwambia nitamjibu kwa ubeti, nao ni huu:

Ufikapo ugenini, uliza kwanza jirani,
Si kitanda si sahani, si taa za barazani,
Mlango usio shani, ukawa na ihisani,
Huo ndio wa thamani, japo ni kichochoroni.